Nilivyoposwa na Mji wa Kampala

Wiki moja baada ya kumzika Tata, baba yetu, tulikaa kupanga vitu vyake pale nyumbani Muleba, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye magoti mabovu na mdomo usiochoka, nilipewa sanduku la bati, kazi ya kukaa chini. Nilipoinua kifuniko harufu ikanipiga: kahawa ya kutafuna, sabuni ya mche, na karatasi zilizokaa gizani miaka mingi. Katikati ya vyeti vya ubatizo na picha zilizogandana nikaikuta barua ya shangazi Justina, dada yake Tata, iliyotoka Kampala nikiwa bado mtoto. Ina mistari sita tu. Nilipofika mstari wa pili nikaanza kucheka peke yangu, nacheka machozi yananitoka, mpaka mdogo wangu akaja mbio akidhani msiba umenipanda kichwani.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Kaka, mahari ya mtoto imepatikana. Mlete kabla ya sikukuu."

Shangazi alitaka kusema mahali. Alikuwa amepata mahali pa mtoto, yaani nafasi, katika shule ya bweni ya masista. Lakini shangazi alikuwa Mhaya, na ninyi wenzangu wa Kagera mnajua jinsi ulimi wetu unavyozichukulia r na l: kama mapacha, ukimwita mmoja akaja mwingine hakuna anayelalamika. Kalamu yake ikafuata ulimi. Tata naye aliisoma kama ilivyoandikwa, akaelewa kilichokusudiwa, maana ulimi wake ulikuwa uleule. Aliyeelewa kilichoandikwa ni mmoja tu katika nyumba nzima. Huyo alikuwa na miaka kumi, amejibanza nyuma ya mlango, na mtoto anayesemwa ni yeye.

Siku hizi watu wananitania kwamba sijawahi kutoka. Sikatai. Naishi Kitendaguro, hapa Bukoba mjini, na nikialikwa shughuli Rwamishenye, kata ya jirani, naanza kuaga majirani tangu jana yake. Kashai kwangu ni safari ya kubeba chakula. Mkwe wangu anasema nikifa nizikwe jikoni nisije nikapotea njiani. Haya, acheni wacheke. Ninyi mmekwenda miji mingapi? Mimi nilikwenda mmoja, na nilikwenda kuolewa nao.

Nianze na Kiswahili, maana ndicho kilichoniponza. Nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kihaya, kuanzia Bibi mpaka mbuzi. Kiswahili alikuwa nacho Tata, aliyekuwa karani wa kupima kahawa, na Mama, aliyekipata misheni alikolelewa. Wao walikitumia kwa kazi moja tu: kusema mambo ambayo Bibi na watoto hatukutakiwa kuyasikia. Mtu akiwa na mimba, ni Kiswahili. Jirani akiachwa na mke, ni Kiswahili. Bibi, mama yake Tata, alikuwa akikasirika anasonya: "Wameanza tena kuongea kama ndege." Walichosahau wazazi wangu ni kwamba shule niliyokwenda kila asubuhi, kilomita nne na ubao wangu kichwani, ilikuwa inanifundisha hichohicho Kiswahili. Nilikuwa nasikia nusu. Nusu ya pili nilikuwa naijaza mwenyewe, na mimi ni mtu wa kujaza sana.

Jioni ile Mama alikuwa anamenya ndizi, Tata kasimama mlangoni na barua.

"Dada ameandika," akasema kwa Kiswahili. "Mahari ya mtoto imepatikana."

Kisu cha Mama kikasimama. "Huyu wetu? Mdogo hivi?"

"Ndio umri wanaoutaka. Wakishakua hawawachukui tena."

"Na akilia?"

"Atalia wiki moja, atazoea. Wenzake wote hulia."

"Bojo, mwanangu," akasema Mama, hilo la kunihurumia likamtoka kwa Kihaya. Halafu akarudi kwenye Kiswahili: "Lakini tusimwambie. Wamwone kwanza. Wanaweza kumkataa, tukapata aibu."

Sasa mniambie, wasomaji wenye akili zenu, mngeelewa nini?

Nilimfuata dada yangu Adela, aliyenizidi miaka minne na anayejua kila kitu. Nikamuuliza mahari ni nini hasa.

"Ni vitu wanavyoleta kwenu wanapokuchukua."

"Ukishachukuliwa unarudi?"

"Unarudi kusalimia." Akanitazama juu mpaka chini. "Kwa nini unauliza? Nani atakutolea mahari wewe, miguu kama ya korongo?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kitu ambacho Adela hakijui, na kitu chenyewe ni kwamba nitaolewa kabla yake. Mnaweza kunisamehe kama, katikati ya hofu, palikuwa na kijisehemu cha majivuno.

Maandalizi yakaja, kila moja na ushahidi wake. Mama alininyoa nywele, akanipaka samli mpaka nikang'aa kama chungu kipya. Bibi alinifungia kahawa ya kutafuna kwenye ganda la mgomba, kifuko kidogo kizuri, akasema nikifika niwape wenyeji kwa mikono miwili. Kisha akanikumbusha adabu: "Ukiwa kwa watu piga magoti. Macho chini. Usiwe na mdomo." Maneno hayohayo nilikuwa nimemsikia akimwambia binamu yetu alipoolewa. Na binamu nilimwona siku ile kwa macho yangu: kapiga magoti mbele ya wakwe, kafunikwa, haongei, hali hata kipande, shangazi anamsemea, na machozi yanamtiririka, huku wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikamuuliza Bibi kwa nini analia wakati mume anamtaka. Akasema msichana asiyelia ni msichana asiyefundwa.

Hilo nililiweka kichwani kama sala.

Mimi na Tata tulilala kwa ndugu pale Kashai, asubuhi tukapanda basi la Kampala. Tata alivaa kanzu na koti. Tulivuka daraja la Kyaka, maji ya Kagera chini yana rangi ya chai ya maziwa, tukapita Mutukula ambako wakati ule mpaka ulikuwa mtu mmoja na kiti chake. Mbele ya Masaka Tata akanigusa bega akasema sasa tunavuka mstari unaokata dunia katikati. Nikachungulia dirishani haraka kuuona. Nikaona duara la saruji, mbuzi wawili, na mama anauza mananasi. Nikadhani mstari wenyewe umefutwa na mvua. Nikamwonea huruma Mungu kwamba itabidi auchore tena.

Halafu tukaingia Kampala.

Siwezi kuieleza sawasawa, lakini nitajaribu. Mtoto wa migombani hajawahi kuona mbali. Kwetu unaona mgomba, nyuma yake mgomba, nyuma yake nyumba ya jirani, basi. Pale niliona mji umekaa juu ya vilima kama wageni wa heshima kila mmoja na kiti chake. Juu ya kilima hiki kanisa letu la Rubaga, lina minara miwili. Juu ya kile kanisa la Waprotestanti, limevaa kuba kama kofia. Juu ya kingine msikiti. Na kilima cha Mengo, Tata alipunguza sauti kukitaja, maana ndipo lilipokuwa jumba la Kabaka, mfalme wao. Nilikuwa nimezoea mambo makubwa yanayokuja moja moja, Pasaka, halafu Noeli. Sikujua yanaweza kusimama yote pamoja yakitazamana.

Na mji wote ulikuwa umepambwa. Wenzetu walikuwa wanangojea Uhuru wao. Sisi wetu tulikuwa tumeshapata, bendera yetu ilikuwa bado haijapauka. Hilo nalijua leo. Siku ile nilichokiona ni migomba. Kila lango, kila kona ya barabara, wamesimamisha migomba mizima na mikungu yake, majani yamefungwa na kuinamishwa kuwa matao. Na kwetu, mnajua wenyewe, mgomba ukisimamishwa langoni maana yake ni moja: hapa pana harusi.

Nikashika mkono wa Tata. Basi linakwenda, matao hayaishi. Bendera, vitambaa, taa za rangi kwenye nyaya. Wanaume kwenye ngazi wanapigilia, wanawake wamevaa busuti zenye mabega yaliyochongoka, wanafagia barabara, barabara nzima, kana kwamba ni uwanja wa mtu. Nikahesabu matao mpaka hesabu yangu ikaisha. Nikawaza: huyu mwanamume ni nani? Na amenionea wapi? Nikatazama miguu yangu ya korongo, imeshika vumbi la Masaka, nikaona aibu kwa niaba yake.

"Tata," nikasema, "vyote hivi ni kwa ajili ya…?"

"Ndiyo," akasema Tata, naye ametoa macho. "Unaona? Hutasahau maisha yako."

Na kweli.

Shangazi Justina alikaa chini ya kilima cha Mengo, chumba na sebule, fundi wa kushona busuti. Alikuwa mwanamke wa sauti. Alinikumbatia, akanigeuza, akasema, "Huyu ndiye? Mbona mwembamba, mmekuwa mkimlisha nini, hewa?" Kisha, Mungu wangu, akachukua utepe akanipima. Gauni jeupe.

"Lazima apendeze siku ya kumwona," akamwambia Tata kwa Kiswahili, na wote wawili wakanitazama, nami nikatazama sakafu kama niliyefundwa.

Kumwona ilikuwa baada ya sikukuu, siku ya tano, ofisi zitakapofunguliwa. Kwa hiyo nilikuwa na siku nne za kuujua mji wa mume wangu. Siku ya kwanza nilikula kwa huzuni. Siku ya pili nilikula kwa furaha. Sisi na Waganda ndizi ni moja, tusidanganyane, lakini wale watu walikuwa wanaijua ndizi kwa njia ambayo sisi tulikuwa hatujaifikiria. Shangazi aliifunga kwenye majani tabaka kwa tabaka, akaipika kwa mvuke kuanzia asubuhi, na ilipofunguliwa ilikuwa njano kama jua, laini, majani yanatoa mvuke wenye harufu ya mvua. Pembeni kuku aliyefungwa peke yake katika jani lake na mchuzi wa karanga, kila mlaji na kifurushi chake. Wanakiita luwombo. Kifurushi changu! Mimi niliyelelewa kwenye sinia moja na Adela, ambaye mkono wake ulikuwa na haraka kuliko sala, nilifungua kifurushi changu mwenyewe na hakuna aliyekigusa. Nikaanza kufikiria ndoa kwa mtazamo mwingine.

Siku ya sikukuu ndiyo iliyonimaliza. Tulitoka mapema, watu wameshajaa. Ngoma zilikuwa zinatoka Mengo. Nilikuwa nazijua ngoma. Kwetu zipo, na tunazo nanga, ala zetu za nyuzi, na babu yetu mmoja aliimba na nanga mpaka wanaume wazima wakalia. Lakini hizi hazikupigwa masikioni. Zilipigwa ardhini, zikakupandia kwenye nyayo, zikakaa tumboni. Halafu mahali fulani watu wametengeneza duara, nikapenya kati ya kanzu, nikaona marimba. Marimba ya magogo, marefu kama kitanda cha watu wanne, na wanaume sita wamekaa pande mbili wanatazamana, wanapiga magogo yaleyale, fimbo zao zinapishana bila kugongana. Nikafuata mkono wa mmoja nijue anapiga nini. Haikuwezekana. Wimbo niliousikia haukuwa mkononi mwa yeyote. Ulikuwa katikati yao, juu ya magogo, unajichezea wenyewe.

Sijui nilisimama muda gani. Tata alinikuta nimefungua mdomo, ameniita mpaka amechoka.

"Koku! Unaona nini?"

"Tata, nani anaimba?"

Akasikiliza. Mtu mzima, karani wa kupima kahawa, akasikiliza na kichwa amekiinamisha. "Hata mimi sijui," akasema.

Taa zilipowashwa jioni, vilima vyote kwa pamoja, niliamua. Nilikuwa nimekuja nikipanga kukimbia, hilo sikuwaambia. Nilishaficha vipande viwili vya muhogo wa njiani. Sasa nilivila. Nilijisemea moyoni: basi, naolewa. Hata akiwa mzee. Hata akiwa na kipara. Mtu anayeishi mji huu nitampikia. Nilitaka kubaki pale kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu tena, na nimetaka vitu vingi, pamoja na marehemu mume wangu. Hofu yangu ikageuka ikawa moja tu: wanikatae. Kwa hiyo niliapa nitakuwa bibi harusi ambaye hajawahi kuonekana tangu Wahaya waumbwe.

Siku ya tano tukapanda kilima hadi kwa masista. Kwangu lilikuwa ni jambo la kawaida. Harusi ya Kikatoliki, ulitaka iandikishwe wapi? Tukaingizwa katika chumba chenye sakafu inayonukia nta. Nyuma ya meza Sista mmoja mnene, Mganda, ana miwani na uso wa kupendeka. Pembeni yake bwana mmoja mwenye tai, na kalamu tatu mfukoni.

Nikamtazama huyo bwana mara moja, nikashusha macho. Nikawaza: ndiye. Hana kipara. Mungu ni mwema.

Nikapiga magoti, nikatambaa mbele hatua mbili, nikamnyooshea kifuko cha kahawa kwa mikono miwili. Yule bwana akacheka kwa mshangao, akakipokea, akatia punje moja mdomoni. Nikahisi mambo yameanza vizuri.

"Karibu, mwanangu," akasema Sista kwa Kiswahili cha pole pole. "Jina lako nani?"

Kimya. Mchumba hasemi. Shangazi ndiye husema.

"Anaitwa Koku, waitu," akasema shangazi, akaongeza lile neno letu la heshima ambalo Sista hakulihitaji.

"Nimemuuliza yeye." Akaniinamia. "Inuka, keti hapa. Una miaka mingapi?"

Sikuinuka. Tata akakohoa. Sista akafungua bati la biskuti, akanisogezea. Zilikuwa na sukari juu. Mniamini, naziona mpaka leo, zimepangwa kama vigae. Nikaziacha. Binamu hakula mbele ya wakwe na mimi sitakula.

Akanipa kitabu. "Baba yako ameandika kwamba unasoma vizuri sana. Hebu nisomee mstari mmoja tu."

Ulikuwa mstari wa mtoto wa darasa la kwanza. Ningeweza kuusoma nikiwa nimelala. Lakini nikajua ni mtego: wanataka kuona kama nina mdomo. Nikafunga midomo mpaka ikaniuma. Nyuma yangu shangazi akaanza kuhema kama cherehani iliyokwama.

"Koku!" akanong'ona. "Soma!"

Nikampenda shangazi kwa kunijaribu vile. Sikusoma.

Sista akaondoa miwani. Akatoka nyuma ya meza, akachuchumaa mbele yangu, mwanamke mkubwa vile, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akauliza taratibu sana, "Mwanangu, sahau vyote. Niambie kitu kimoja. Unataka kubaki hapa kwetu?"

Ndilo lilikuwa swali lenyewe. Nilikuwa nimelingojea tangu taa za jioni ile. Na jibu la msichana aliyefundwa nililijua. Nikainamisha kichwa, nikafikiria mbuzi wetu aliyekufa, nikafikiria Bibi, nikalia. Nililia vizuri. Nililia kwa sauti, mabega yanatikisika, kamasi na kila kitu, na ndani yangu nilikuwa naimba.

Sista alinikumbatia. Halafu akamwambia Tata, juu ya kichwa changu, "Mzee, msimlazimishe. Mtoto huyu hataki. Mpeleke nyumbani kwa mama yake. Nafasi hii ina mwingine anayeingoja mlangoni."

Yule bwana mwenye tai akaandika kitu. Nikadhani anaandika ndoa.

Tuliposhuka kilima, mimi nikaendelea kugeuka nyuma kuona kama anakuja. Shangazi alikuwa mbele, anatembea kwa hasira, mimi nyuma, gauni langu jeupe limeshika majani. "Nyumbani alikuwa anasema mpaka paka anatoka nje! Leo gogo! Umerogwa?" Nikamtazama Tata. Alikuwa amenibebea kifurushi changu cha nguo, nguo zote zilizokuwa zibaki huko. Nilipokiona mkononi mwake ndipo nilipojua nimekataliwa. Nikalia tena, safari hii bila mbinu yoyote, na hakuna aliyetofautisha.

Basi la kurudi lilikuwa limeshapita Masaka ndipo Tata alipofungua mdomo. Alikuwa amenunua gonja, ndizi tamu ya kuchoma, tunakula.

"Hebu niambie," akasema kwa Kihaya, bila ukali. "Kwa Sista, kwa nini hukusema?"

"Mchumba hasemi, Tata."

"Mchumba gani?"

"Mimi."

Akaacha kutafuna. Ikabidi nimweleze yote: barua, mahari, migomba ya barabarani, bwana wa kalamu tatu. Nilipofika kwenye kutambaa na kahawa alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Mama mmoja mwenye kapu la samaki wakavu akataka kujua kuna nini, Tata akamweleza, naye akapiga makofi: "Bojo! Mahari na mahali! Nyie Wahaya nyie!" Basi likacheka. Tata akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Halafu akaniuliza, bado tabasamu liko usoni, "Na wewe ulikubali?"

"Nilikubali."

"Kuolewa. Na yule bwana."

"Nilimwona mzee kidogo. Lakini mji ulikuwa mzuri."

Lile tabasamu lilikaa usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Kisha likatoka.

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu? Ungesema tu, Tata, ni kweli mnanioza?"

Sikuelewa swali lake. Niliona ni la mtu asiyejua desturi. "Mlisema kwa Kiswahili," nikamwambia. "Nilijua halinihusu."

Tata akageukia dirisha. Mutukula tukapita, Kyaka tukapita. Gonja yake ikapoa mkononi.

Kampala sikurudi. Mara ya kwanza kwa sababu nafasi ilikuwa na mwenyewe, na miaka iliyofuata kwa sababu mambo ya mpakani yaliharibika, shangazi akarudi nyumbani na cherehani yake kichwani, na sisi huku tukaingia katika Ujamaa na shughuli zake. Watu wanaouliza kwa nini siendi popote, nawaambia mtu akishaposwa na mji wa namna ile, huko Rwamishenye ataona nini?

Lakini nafasi ya shule ilikuja tena, mwaka uliofuata, bweni la wasichana upande wa Bukoba. Jioni hiyo Tata hakusimama mlangoni na Mama. Alituita wote sebuleni: Mama, Adela, Bibi kwenye mkeka wake. Akavuta kiti, kiti chenye mgongo ambacho hukaliwa na padri akija, akaniambia nikae. Nikakaa pembeni kabisa, kama kinaungua. Akasema kwa Kihaya, kila neno mbele ya kila mtu:

"Koku, kuna shule. Ni mbali, utalala hukohuko. Kutakuwa na baridi, na chakula si cha Mama. Utalia. Mimi nataka uende, mama yako anaogopa. Hayo ni yetu. Sasa wewe. Unataka au hutaki?"

Bibi alikuwa ananitazama kwa yale macho yake, na najua alichokuwa anangojea: kichwa chini, machozi kidogo, mambo ya watu waliofundwa. Magoti yangu yenyewe yalikuwa yameshaanza kuteleza kutoka kwenye kiti yaende chini yalikozoea.

Nikayarudisha.

"Nataka!" nikasema, kwa sauti iliyomwamsha kuku jikoni.

Bibi akashika kifua. "Jamani! Huyu ni msichana wa nani, anayesema nataka mbele za watu?"

"Wangu, waitu," akasema Tata.